Nyumba Tupu ya Mishi

Harufu ya udi ilikuwa ikitoka kwenye feni ya kompyuta. Mishi alipoinusa mara ya kwanza, mchana baada ya sala ya adhuhuri, alidhani jirani anafukiza nguo, akainuka akafunga dirisha. Harufu ikazidi. Akainama mpaka pua ikakaribia vile vitundu vya pembeni vinavyotoa joto, na udi ukampanda kichwani, ule ule aliokuwa akiutaka jini wa mama yake kabla hajatolewa.

Kazi ya Mishi ilikuwa kutengeneza tovuti za nyumba za wageni za Diani na Galu, na aliifanyia chumbani kwake, katika nyumba ya mama yake, Bi Zainabu, pale Msambweni. Ndani ya kompyuta yake huunda kompyuta nyingine isiyoshikika, mashine pepe kama wenye fani wanavyoiita. Kwa macho ni dirisha tu kwenye skrini, lakini ndani yake mna mashine nzima, yenye kumbukumbu yake na milango yake, isiyojua kwamba imekaa tumboni mwa nyingine. Humo ndimo anamojaribia tovuti. Ikiharibika huifuta yote, akaunda mpya, na kompyuta yenyewe haidhuriki.

Siku hiyo aliikuta inafanya kazi, ilhali yeye aliizima. Pale pa kuandikia amri palikuwa na maneno:

*Umefunga dirisha kwa nini?*

Mishi akayasoma mara mbili. Hapo ndipo alipokumbuka siku mama alipotolewa jini.

Jini yule alimwingia Bi Zainabu tangu alipofariki Twaiba, mdogo wake Mishi, kwa homa, angali mtoto wa kubebwa. Aliishi naye miaka na miaka, akidai udi na marashi, akimliza mama wa watu bila sababu. Mwisho kaka yao, Luqman, mpishi wa hoteli kule Galu, akachoka, akamleta Mwalimu Kheri. Kisomo kikasomwa, mafusho yakafukizwa, jini akakubali kutoka.

"Utakwenda wapi? Baharini?" Mwalimu alimuuliza.

"Baharini kuna wenyewe," akajibu kwa kinywa cha Bi Zainabu. "Binti yenu huyu ana nyumba tupu. Anazijenga na kuzibomoa. Niruhusuni nikae humo."

Wote wakamgeukia Mishi, ambaye hajapata kujenga hata banda la kuku.

"Mruhusu, Mishi," Luqman akanong'ona huku jasho likimtoka. "Atoke tu."

Mishi akatikisa kichwa kukubali.

Tangu hapo Bi Zainabu alitulia. Alitulia mno. Alikula alichowekewa, kiwe na chumvi kisiwe nayo. Alipofiwa na dada yake kule Shimoni alikaa matangani macho makavu, kama anayesubiri gari. Watu wakasema alhamdulillahi, amepona. Mishi naye akasema hivyo hivyo. Alikuwa amechoka kwa muda mrefu, na ukimya ule aliuona ni afya.

Sasa aliyatazama yale maneno, kisha akaifuta mashine pepe, yote na vilivyomo. Akatoka uani. Bi Zainabu alikuwa kwenye kigoda, anasuka ukili wa mkeka, kazi aliyoijua tangu usichana wake. Vidole vyake vilikuwa vimesimama.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hii inasukwaje?"

Mishi akarudi ndani mbio. Akaunda mashine mpya, na kabla hajaweka kitu chochote ndani yake, maneno yakajiandika:

*Usibomoe tena. Humu mna vitu vya mama yako.*

Kisha pakasikika wimbo. Mashine ile hakuipa sauti, wala hakuna spika aliyoiunganisha, lakini wimbo ulitoka pamoja na joto la feni na harufu ya udi, wimbo wa kumbembelezea mtoto, ule aliokuwa akiimbiwa Twaiba. Uani, Bi Zainabu hakugeuza hata shingo.

Luqman alipokuja jioni na kuyaona maneno yale, hakutaka kusikia lolote. "Futa!" akasema, na kabla Mishi hajamshika mkono, Luqman akabofya mwenyewe.

Wakatoka kumwamkia mama. Bi Zainabu akamtazama Mishi kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni.

"Marahaba. Wewe binti wa nani?"

Mwalimu Kheri alipoitwa tena, alisimama mlangoni, akainusa hewa, asiingie. "Mkimbomolea nyumba huchukua kingine," akasema kwa sauti ya chini, "na nikimchoma, alivyobeba vitateketea naye. Vya mtu hurudishwa na aliyevichukua, kwa ridhaa yake. Mimi hapo sina kisomo."

Kesho yake Mishi akaunda mashine nyingine. Akamketisha mama kando yake, akaandika:

*Mrudishie vyake.*

*Nami nikae wapi?*

*Rudi kwake.*

*Kwake kumechakaa.*

Feni ikanyamaza, na katika ukimya ule Mishi akasikia pumzi, si yake wala si ya mama yake, pumzi iliyokuja na kwenda nyuma ya kioo cha skrini kama ya mtu aliyeweka uso dirishani kuchungulia ndani, na kioo kikafanya ukungu kwa upande wa pili, na katika ukungu ule yakaja maneno taratibu, herufi moja moja, bila haraka, kama ya mtu anayejua kwamba hatakataliwa.

*Kwako kuna nafasi.*

Mishi akamgeukia mama yake. Bi Zainabu alikuwa akiitazama skrini kama anavyoutazama ukuta. Mishi alijua anaogopa, kwa kuwa herufi ya kwanza aliikosea mara mbili, lakini woga wenyewe aliutafuta moyoni asiuone.

Akaandika: *Karibu.*

Dirisha la mashine likajifunga kwenye skrini.

"Twaiba!" Bi Zainabu akapiga ukelele uliowatoa majirani majumbani. "Mwanangu Twaiba! Dada yangu jamani!" Akajitupa sakafuni, akalia kilio cha miaka yote kwa pamoja. Luqman, aliyekuwa uani, akaingia, akamkumbatia, naye akalia. Kisha Bi Zainabu akainuka, akamvuta Mishi kifuani.

"Mishi, mwanangu we! Nilikuwa wapi mimi?"

Machozi ya mama yakamlowesha Mishi bega. Alihisi umajimaji, na joto lake. Hakuhisi kingine. Lile jina Mishi alilisikia kama jina la mtu wa mtaa wa pili.

Luqman akamtazama usoni, na furaha ikaanza kumtoka.

"Mishi," akauliza kwa sauti ya chini, "mbona wewe hulii?"

Mishi akafungua kinywa ili amjibu, kisha akangoja, kama wao, asikie ni nani atakayesema.