Kisahani cha Mwisho cha Baba

Kila siku baada ya masomo, Kasuku alipitia maabara aliyofanyia kazi shangazi yake. Alinawa mikono, akavaa koti jeupe lililomfika miguuni, kisha akafanya kazi zake za shule karibu na dirisha. Jina la Kasuku alipewa na baba yake kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Siku hizi ulikuwa umetulia mno. Baba, ambaye meza yake ilikuwa pembeni mwa ile ya shangazi, alikuwa amefariki dunia.

Ndugu hao wawili walichunguza hamira.

"Hamira ni kuvu, kitu hai," baba aliwahi kumweleza. "Seli zake ni za aina mbili. Zikitaka kuungana, kila moja hutoa kemikali ya kumwita mwenzake. Kwenye ngozi ya seli kuna vipokezi vya kunasa mwito huo. Seli ikiunasa, hurefuka kumwelekea anayeita."

"Na isiyo na vipokezi?"

"Hiyo, mwanangu, utaiita mpaka koo likauke!"

Baba alikuwa akijaribu kuzirudishia vipokezi seli zilizovikosa. Kisahani cha mwisho cha kuoteshea seli hizo alikiandaa karibu na kulazwa kwake hospitalini, akakosa nafasi ya kuweka akiba nyingine kwenye friza. Kilikaa kwenye jokofu, kikimsubiri shangazi apate moyo wa kukigusa.

Alasiri moja shangazi alitoka kidogo. Kasuku akafungua jokofu, akaona mwandiko wa baba juu ya kifuniko cha kisahani. Akakifunua, akasogeza pua. Kilinukia mkate, kama shati la baba alipotoka kazini. Akalia palepale juu ya kisahani, kisha akakifunika na kukirudisha.

Siku chache baadaye, ukungu wa kijani ulioingia na hewa ulitanda humo.

"Nani amekifungua?" shangazi alimfokea mama mwosha vyombo vya maabara. "Si nilikukataza?"

"Haki ya Mungu, sijakigusa."

Mama yule akainamia sinki, machozi yakidondokea kwenye povu. Kasuku alitaka kusema, lakini akainamia daftari lake. Kesho yake alipomkuta mama yule akifungasha vitu vyake ili aondoke kazini, hakuweza kuficha tena.

"Shangazi, ni mimi! Nilitaka kumnusa baba."

Shangazi aliketi sakafuni. Akamvuta Kasuku kifuani, wakalia wote. Kisha akainuka, akamwomba mama yule radhi na kumsihi abaki. Kwa waya uliochomwa motoni kuua vijidudu, alichota seli kwenye ukingo wa kisahani alichotaka kukitupa, ambako ukungu haukufika, akazipanda kwenye visahani vipya. Karibu vyote viliota ukungu. Kimoja tu kilitoka safi.

Wakazidondoshea seli za kisahani hicho kemikali ya mwito. Baada ya saa kadhaa, Kasuku aliinamia hadubini. Seli zilizokuwa za mviringo zilikuwa zimechongoka upande mmoja.

"Zimesikia! Vipokezi vimerudi," shangazi alisema.

"Na baba hajui."

"Hajui, mwanangu."

Kisha shangazi akamfuta machozi.

"Kumkumbuka baba yako si kosa. Kosa ni kugusa bila ruhusa, na kubwa zaidi, kumwacha asiye na hatia abebe mzigo wako. Ungesema siku ileile, tungeokoa seli nyingi. Ukweli uliochelewa huokoa kidogo, lakini usingesema kabisa, tungepoteza hata hiki. Sasa nenda kamwombe mama yule msamaha, kwa mdomo wako mwenyewe."

Kasuku akaenda.