Kopo Lilipokaa Kimya

Mwaka ule kampuni binafsi zilipoanza kununua kahawa, Mbinga mjini ilijaa watu wenye fedha mfukoni na wauzaji waliozifuata. Theodosia alikuwa ameshuka kutoka Litembo na gunia la baba yake, amevaa gauni lake la kijani la kanisani. Karibu na mizani, kijana mmoja akamgonga na beseni. Usipa wakavu, dagaa wa ziwani, wakamwagika hadi kwenye kola.

"Dada, gauni lako limechukua samaki wangu bila kuuliza."

"Waite warudi. Wana macho."

"Wamepapenda. Hata mimi ningekaa."

"Huyu wa ziwani ana mdomo," alisema mama mmoja nyuma yao, na Theodosia akacheka bila kutaka.

Kijana aliitwa Kilian, mvuvi. Tangu hapo, kila siku ya gulio alimpigia simu posta ya Mbinga kutoka Mbamba Bay.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nakula sauti yako, mpenzi."

"Basi utakonda."

Lakini mzee Mansuetus, baba yake Theodosia, hakucheka alipoambiwa Kilian anaishi wapi.

"Nyumba juu ya maji? Mtoto wangu haolewi mahali pasipo na udongo. Watamzika wapi?"

Theodosia alishuka na swali hilo hadi ziwani, mvua zilipoanza, alipokwenda kumsalimu mama yake Kilian. Mtumbwi ulipita katikati ya matete, na nyumba zikatokea: za miti na nyasi, juu ya nguzo ndefu, pale palipokuwa ufuko kabla ziwa halijapanda. Duka la Pankras lilielea juu ya mapipa, likisukumwa kwa upondo kutoka mlango hadi mlango, na sabuni, betri na soda zake. Theodosia alishika kingo za mtumbwi kwa mikono yote miwili.

"Wafu wenu mnawazika wapi?"

Kilian akaonyesha kilima chenye misalaba. "Pale. Sote tunaishia nchi kavu, mpenzi. Usiwe na haraka."

Mtumbwi ukafika kwenye nyumba yao, Theodosia akapanda ngazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema mama Notburga. "Keti katikati. Mbao za pembeni zina kelele."

Kupitia nyufa za sakafu Theodosia aliyaona maji yakipanda na kushuka, meusi. Kilian akaenda nyumba ya pili, kwa mjomba wake Osmund, kuchukua samaki wabichi. Haukupita muda, wingu likafunga. Upepo ukaja, kisha mvua, na nyumba ya Osmund ikapotea machoni. Mama akakimbilia chumba cha nyuma kuufunika moto.

Theodosia akabaki peke yake mlangoni, karibu na kamba. Ilifungwa kwenye nguzo ya mlango, ikapita juu ya maji hadi kwa Osmund, na juu yake lilining'inia kopo lenye kokoto. Kamba ikakaza. Kopo likalia, nguzo ikatetemeka. Ikakaza tena, na sakafu yote ikatikisika. Akaona wazi kwamba kamba ile inaing'oa nyumba. Akalifungua fundo. Kamba ikateleza majini pamoja na kopo lake.

Mama akarudi, akasimama.

"Kopo mbona kimya?"

"Nimefungua kamba, mama. Ilikuwa inaivuta nyumba."

Mama akaketi polepole. "Kamba ile ndiyo mdomo wetu. Wanavuta kuuliza kama tupo. Tusipojibu, wanajua tumezama."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Kilian yuko majini sasa hivi."

Akampa sufuria na mwiko. "Piga. Asikie nyumba ilipo."

Theodosia alipiga. Alipiga akisali Salamu Maria, akazichanganya, akaanza upya. Mvua pekee ndiyo iliyojibu. Bila kujua anafanya nini, alishuka ngazi huku akipiga, hadi maji yakamshika magoti.

Ndipo aliposikia kokoto zikilia ndani ya kopo.

Mtumbwi ulitokea umejaa maji nusu, na Kilian ndani yake, ncha ya kamba imefungwa kiunoni. Theodosia akaachia sufuria, akaung'ang'ania mtumbwi.

"Nilivuta, hamkujibu," alisema Kilian, meno yakigongana. "Nikavuta tena, kamba ikaja yote."

"Niliifungua mimi."

"Nilikuja kutafuta miili, Theodosia. Kesho nakurudisha kwenu. Baba yako alisema kweli."

Theodosia alimfungua kamba kiunoni, akapanda nayo, akaifunga kwenye nguzo kama wafungavyo magunia ya kahawa kwao.

"Fundo hilo litafunguka kweli?" mama aliuliza.

"Halifunguki, mama. Linakatwa kwa kisu tu."

Kamba ikakaza mara moja: Osmund alikuwa anauliza. Kopo likalia.

"Nijibu vipi?"

"Mara mbili," alisema Kilian taratibu. "Mara mbili ni tupo."

Akavuta mara mbili. "Basi kesho usinirudishe."

Aliolewa huko, na hofu haikumwacha. Mawingu yakikusanyika alikaa karibu na mlango. Miaka mingi baadaye Kilian alikufa kwa homa, akazikwa kwenye kilima kile, na Theodosia akarudi Litembo na kamba ile. Ameifunga dirishani, ncha ya pili inaning'inia juu ya mibuni. Upepo ukiivuta, huweka chini alichoshika, akaivuta mara mbili.