Pikipiki Iliyovuta Kushoto

Jua lilikuwa limeshaegemea mapaa ya nyumba Bisibisi alipowasha pikipiki kwenda kumchukua mkewe, Mama Pacha, kwa dada yake aliyejifungua. Safari ya robo saa tu. Lakini kabla hajaumaliza mtaa wa kwanza alikuwa ameshaitukana pikipiki mara nne.

Huyu Bisibisi alikuwa fundi wa vyerehani, wa kuzunguka nyumba kwa nyumba na sanduku la vifaa. Miguu ilipomchosha, alinunua pikipiki iliyotumika kwa mwashi mmoja wa mtaa wa pili. Mwashi hakubishana bei. Alimkabidhi ufunguo, akafuta mikono kwenye suruali kama aliyeshika kitu kichafu, akaingia ndani na kufunga mlango. Bisibisi akajiona ameokota dodo. Wiki mbili baadaye, hakukuwa na mtu mtaani ambaye hajamsikiliza akilalama.

Usukani ulivuta kushoto. Si sana, kama mtoto anayekuvuta mkono mbele ya duka la peremende. Lakini uvutwe hivyo kutwa nzima, uone kama bega la kulia halitavimba. Kiti kilibonyea upande wa nyuma, ilhali yeye mbele alibanwa mpaka tangi likamsaga mapaja. Vikanyagio vya abiria, akivikunja asubuhi, akifika kona ya pili vimejifungua vyenyewe. Na tairi la nyuma lilikaa chini kama limebeba gunia la saruji, na yeye yuko peke yake na sanduku lake.

Fundi pikipiki aliifungua mara tatu. Alinyoosha rimu. Alibadilisha shokomzoba. Mara ya tatu aliipanda mwenyewe kuijaribu mpaka mwisho wa barabara, akarudi anaisukuma.

"Imezima?" Bisibisi akamuuliza.

"Haijazima."

"Sasa mbona unasukuma?"

Fundi alimrudishia ufunguo. "Kaka, chuma kimenyooka. Hicho kinachovuta si chuma."

Maneno ya mtu aliyeshindwa kazi, Bisibisi akajisemea. Akaondoka amenuna.

Basi jioni hiyo akafika kwa shemeji yake. Mama Pacha alitoka na kapu lake, akapanda nyuma.

"Sogea mbele, Baba Pacha."

"Nisogee wapi tena? Nimeshakalia tangi!"

"Basi hiki kiti ni kifupi. Mimi nimekalia chuma cha mizigo."

"Vumilia. Hata mimi kinanitesa, na hela ni yangu."

Wakaondoka. Giza lilikuwa linaanza kujaza vichochoro. Njiani harufu ikaja. Dawa ya kuchua, ile kali ya viungo vya wazee, imechanganyika na sufu iliyolowa maji.

"Ulikuwa unamchua mzazi?" Bisibisi akauliza bila kugeuka.

"Hapana. Nilidhani ni wewe."

Injini tu. Kisha sauti ya mkewe, chini kabisa...

"Baba Pacha."

"Nini tena?"

"Hili shali umelitoa wapi?"

"Shali gani?"

"Si hili ulilojitanda. Na mbona umekonda hivi? Nimekushika kiuno, naona mifupa mitupu."

Bisibisi aliinamisha macho tumboni pake. Alikuwa na shati lake la kazi, basi. Hakuna shali.

Wala hakuna mkono uliomshika.

Alikanyaga breki, pikipiki ikaserereka. Mama Pacha alikuwa ameshajitupa chini kabla haijasimama. Hakupiga kelele. Alisimama pembeni anafuta viganja kwenye gauni, anafuta, anafuta tena. Kutoka hapo walikwenda kwa miguu, yeye mbele na kapu, mume nyuma anasukuma mzigo ule unaozidi kuwa mzito. Mlangoni ndipo mwanamke alipofungua kinywa.

"Kesho irudishe. Ama sivyo nitarudi kwetu mimi."

Kesho yake alasiri Bisibisi alimkuta mwashi kazini, anajenga ukuta wa ghala. Alikuja na hasira zake zote, amezipanga tangu asubuhi.

"Ndugu yangu, umeniuzia nini?"

Mwashi aliweka tofali, akaligonga kwa mpini wa mwiko. Hakumtazama.

"Ameshakushika?"

"Nani?"

"Mama."

Hasira zikamwishia Bisibisi miguuni. Mwashi akasimulia huku akijenga, kama mtu anayezungumza na ukuta. Mama yake alikuwa mgonjwa, na yeye ndiye aliyekuwa akimbeba kwenda hospitali. Siku ya mwisho mama alimwomba wapite kwanza kwa dada yake mkubwa. Ndugu hao walikuwa hawajasalimiana miaka ishirini. Alisema ana neno moja la kumalizana naye. Mwashi akakataa: hospitali kwanza, mama, maneno baadaye. Walipolipita daraja, mikono ya mama ikalegea. Alimfunga mgongoni kwa shali lake asianguke, akaendelea mpaka hospitali, anamsemesha njia nzima.

"Kwa mama mkubwa ni kushoto, ukishavuka daraja," mwashi akamaliza. "Nyumba ya mwisho. Tangu siku ile pikipiki haijataka kwenda kwingine."

"Sasa kwa nini usimpeleke mwenyewe ukaisha udhia?"

"Mama mkubwa ndiye aliyenilea."

"Ndiyo maana nakuuliza!"

"Hujanielewa," mwashi akasema taratibu. "Hujui ni neno gani. Hata mimi sijui kama ni la msamaha au la kisasi."

"Mimi nilinunua pikipiki, bwana! Sikununua mama yako!"

Mwashi akachota saruji nyingine.

Bisibisi akaiwasha pikipiki, akaondoka. Angeitelekeza wapi? Angemuuzia nani, na kwa dhamiri gani? Alipofika darajani jua lilikuwa linazama, na usukani ukaanza. Kushoto... kushoto... Bega liliwaka moto. Wiki mbili alikuwa akishindana na mkono ule, na jioni hiyo alichoka. Alichoka kabisa.

Akaulegeza usukani.

Pikipiki ikakata kona yenyewe, laini, kama uzi unaopita kwenye tundu la sindano. Kiti kikamkaa sawasawa. Mashimo ya njia hakuyasikia. Kwa mara ya kwanza tangu akinunue chombo kile, alijisikia raha, na raha ile ndiyo iliyomtisha kuliko yote. Maana shingoni pake kulikuwa na pumzi. Fupi fupi. Za mtu mwenye haraka ya kufika.

Nyumba ya mwisho bibi mmoja alikuwa amekaa mlangoni, sinia mapajani, anachambua mchele. Aliinua kichwa. Hakumtazama Bisibisi. Alitazama juu ya bega lake.

Bisibisi aligeuza shingo nusu. "Mama," akanong'ona, "tumefika. Shuka."

Tairi la nyuma likainuka. Polepole. Kikanyagio cha kushoto kikajikunja. Ta. Kisha cha kulia. Ta.

Sinia likamponyoka bibi, mchele ukamwagika kizingitini.

"Nani kakutuma umlete?" bibi akauliza.

Na pale kizingitini, mahali pasipokuwa na mtu, punje za mchele zikaanza kusagika.

Kru... kru... kru.

Bibi alifumba macho. Kisha akajikaza, akaufungua mlango wote, akajibanza ubavuni kama mtu anayempisha mgeni. "Haya, pita," akasema. "Tumalizane." Akaingia nyuma yake, akafunga.

Pikipiki ilirudi nyumbani nyepesi kama jani.

Siku ya tatu habari zikazagaa: bibi wa nyumba ya mwisho alikutwa amekufa kitini. Majirani walisema usiku ule walisikia wanawake wawili wakizungumza mpaka alfajiri. Mmoja alilia. Mmoja alicheka. Yupi ni yupi, hakuna aliyejua. Na mabegani mwa marehemu kulikuwa na shali la sufu ambalo si lake, limefungwa kifuani kwa fundo lililokazwa mno, ikabidi likatwe kwa mkasi. Wengine walisema amefunikwa asisikie baridi. Wengine walinyamaza.

Bisibisi alimfuata mwashi kule ghalani. Ukuta ulikuwa umefika kifuani. Mwashi hakumpa nafasi ya kusalimu.

"Mlango alifungua mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Mwashi akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia. "Basi mimi simo."

"Na mimi je?" Bisibisi akauliza.

Mwashi akachagua tofali, akaligeuzageuza mkononi, akaliweka mahali pake. Akachagua jingine.

"Nakuuliza wewe! Na mimi je?"

Tofali likagongwa kwa mpini wa mwiko, mara mbili, likakaa.