Alama ya Kidole kwenye Paa la Pijo

"Hilo Pijo ni la nani?"

Rweyemamu aliuliza kwa sauti, Ijumaa asubuhi, akiwa nyuma ya kaunta ya duka lake la vipuri vya magari pale Bukoba mjini. Mteja aliyekuwa mbele yake alishangaa.

"Pijo lipi tena, bosi? Mimi nina Corolla. Nasubiri plagi."

"Samahani mzee, siyo wewe."

Alikuwa ameinamia simu. Kwenye picha kulikuwa na kigari cha plastiki, Pijo 504 la buluu, urefu wake nusu mche wa sabuni, limewekwa juu ya meza nyeupe. Chini yake maneno machache: "Mgeni wangu wa wiki hii." Ukurasa ulikuwa wa Datius wa Muleba, na Rweyemamu alikuwa akiufuatilia kwa jina la bandia tangu mwezi wa sita. Akaivuta picha kwa vidole viwili mpaka paa likajaa kioo. Hapo juu ya mlango wa kushoto kulikuwa na alama ya kidole gumba, mistari yake yote imekauka ndani ya rangi. Kilikuwa kidole chake yeye.

Evodia, mchumba wake, alikuwa fundi katika duka la miwani, na starehe yake, kama ya huyo Datius, ilikuwa vigari vya kuunganisha. Boksi moja lina vipande zaidi ya mia. Anavikata, anavisugua kwa msasa, anavigundisha, anavipaka rangi, na gari moja linaweza kumla miezi miwili. Rafu ya chumbani kwake ilikuwa na magari kumi na tisa. Pijo hili Rweyemamu ndiye aliyeliagiza Kampala, likaja na basi kupitia mpaka wa Mutukula, likawa zawadi yake ya kwanza ya maana kwa yule binti. Na ni yeye aliyeliharibu, mwezi wa tatu, alipoweka kidole kwenye rangi mbichi. Leo liko mezani kwa mwanaume mwingine.

Alipiga simu pale pale.

"Evodia."

"Abee."

"Lile Pijo letu liko wapi?"

Kukawa kimya kidogo. Watu wenye wivu wanakipima kimya kama dhahabu, na hiki Rweyemamu alikipima vizuri.

"Lipo nyumbani," Evodia alisema. "Nimelifunga kwenye boksi. Kwa nini?"

"Nimeuliza tu."

Akakata. Badala ya plagi za Corolla akampa mteja za Noah, akaja kurudishiwa mchana kwa matusi.

Alasiri hiyo alifunga duka mapema, akaenda parokiani kwa katekista Rutaihwa. Ndoa yao ilikuwa imeshatangazwa kanisani Jumapili mbili. Bado tangazo la tatu, keshokutwa, halafu harusi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, bwana harusi. Umekuja kuangalia kama jina lako limeandikwa vizuri?"

"Nimekuja kutaja kizuizi."

Mzee akaacha kalamu. "Kizuizi cha ndoa ya nani?"

"Yangu."

"Waitu, mwenzetu, rudia."

"Yangu mimi. Kila Jumapili mnasema mwenye kujua kizuizi aje aseme. Nimekuja."

"Ni miaka ishirini na miwili nasoma matangazo hapa," alisema Rutaihwa. "Wamekuja wake wa zamani, wamekuja wazazi wenye hasira. Bwana harusi kujiwekea kizuizi mwenyewe sijawahi kumpokea. Haya, sababu?"

"Amempa mwanaume mwingine gari langu."

"Mawe!" mzee alishangaa kwa Kihaya. "Gari zima?"

"Dogo. La plastiki."

Katekista alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Aliyemtengenezea miwani hiyo alikuwa Evodia.

"Rweyemamu, mwanangu. Umemuuliza mwenyewe?"

"Nimemuuliza. Amenidanganya. Mwalimu, mimi siumizwi na plastiki. Naumia kwamba alidanganya kirahisi hivyo."

Hapo mzee aliacha utani. "Mimi nikishasikia neno kama hilo siwezi kusoma. Nitayaweka majina pembeni mpaka mzungumze. Lakini mwambie kabla ya Jumapili. Asije akakaa kanisani na ndugu zake akisubiri jina lake."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Jumamosi nzima, kila Evodia alipopiga, aliitazama simu yake ikiita, akaigeuza kifudifudi. Jumapili, watu wakiwa wanaingia Misa ya kwanza, yeye aliwasha gari lake kuukuu kuelekea Muleba. Alitaka kumkuta Datius nyumbani, ikiwezekana na Pijo mkononi.

Datius alikuwa mpima ardhi, kijana kutoka Kimwani, aliyepanga vyumba viwili Muleba mjini. Alikuwa mrefu kweli, na mtaratibu, jambo lililomuudhi Rweyemamu zaidi kuliko urefu. Alifungua mlango akiwa na aproni yenye madoa ya rangi.

"Karibu. Wewe ni Rweyemamu."

"Unanijuaje?"

"Evodia ana picha yako kwenye simu, inatokea akiiwasha tu. Pita ndani, ila usifunge mlango kwa nguvu. Vumbi."

Pijo lilikuwa pale mezani, limeshikiliwa kwa waya chini ya tumbo, linang'aa kama limetoka mvuani. Rweyemamu alinyoosha mkono.

"Usiguse," Datius alisema. "Nimelipulizia vanishi alfajiri. Likiguswa kabla ya kesho limeharibika."

"Usinifundishe kugusa gari langu. Una nini na mchumba wangu?"

"Sina kitu."

"Gari nililompa limefikaje kwako?"

"Alilileta mwenyewe wiki iliyopita, akarudi na basi lile lile lililomleta. Alitaka vanishi ya kupuliza, na pampu ya kupulizia ninayo mimi tu. Alisema Pijo litakaa kwenye meza ya maharusi, mbele ya keki."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Hilo unaniuliza mimi? Mwezi wa sita ulimwambia afute namba yangu. Akafuta. Safari hii alikuja bila kupiga simu."

Rweyemamu alikaa bila kukaribishwa. Lakini wivu hauishi kwa jibu moja, unataka na la pili.

"Niambie ukweli kama mwanaume. Hukumtaka?"

Datius alikunja kitambaa chake mara mbili, akakikunjua tena.

"Nilimtaka," alisema. "Mwaka jana, kabla hujamposa, nilimwambia. Alikataa kwa adabu, nikajipa moyo kwamba atabadilika. Hata wiki iliyopita nilikuwa bado najipa moyo."

"Unaniambia hivi usoni."

"Umeuliza. Sasa sikiliza na kilichobaki. Alipoleta hili gari nikaona alama ya kidole kwenye paa. Mtu anayejenga vigari hawezi kuvumilia kitu kama hicho. Nikamwambia acha nisugue kwa msasa, nipake upya, kazi ya siku mbili. Alinyanyua boksi lake palepale. Akasema, 'Ukiigusa hiyo alama, nipe gari langu niondoke nalo bila vanishi.' Sikumuuliza ni kidole cha nani. Ndiyo siku niliyoacha kujipa moyo."

Simu ya Rweyemamu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Evodia.

"Majina yetu hayakusomwa. Nilikuwa nimekaa na shangazi, amevaa kitenge kipya. Watu wote waligeuka kutuangalia. Katekista ameniambia ni wewe. Usinipigie."

Aliusoma mara tatu. Mara ya tatu herufi zilikuwa zinacheza.

"Kuna nini?" Datius aliuliza.

"Nimeisimamisha ndoa yangu mwenyewe."

Kama Datius alipata wazo baya, alilimeza. Alichukua boksi, akaliweka Pijo ndani pamoja na waya wake, akaacha kifuniko wazi.

"Mpelekee. Usifunike, usiguse, usifungue madirisha. Na pole pole kwenye matuta."

Rweyemamu aliliweka boksi kiti cha mbele, akalifunga mkanda. Safari ya saa moja na kitu ikamchukua tatu. Pale Muhutwe alipitwa na malori ya ndizi. Pale Kemondo alipitwa na trekta, dereva akamwonyesha ishara kwamba gari lake bovu. Ndani ya gari mlikuwa na joto la kuoka, jasho linamchuruzika machoni, na kila tuta lilimfanya aongee na boksi: "Tulia, tulia mama." Wakati mmoja nzi alitua ukingoni mwa boksi, na Rweyemamu, muuza vipuri mwenye miaka thelathini na mitatu, alisimamisha gari pembeni ya barabara kumsihi nzi aondoke.

Nyumbani kwa kina Evodia, Ijuganyondo, shangazi yake ndiye aliyemwona kwanza akipita katikati ya migomba na boksi kifuani. Aliingia ndani bila kuitika salamu. Evodia akatoka, bado na gauni la kanisani, macho yamevimba.

"Nilikuambia usinipigie."

"Sijapiga. Nimekuja."

"Umeniaibisha, Rweye. Ungeniambia Ijumaa kwamba hunitaki, ningebaki nyumbani na aibu yangu."

"Nakutaka."

"Kwa hiyo kizuizi kilikuwa cha nini?"

"Wivu," alisema. Hakutafuta neno jingine. "Niliona Pijo kwa Datius. Nikakuuliza, ukasema lipo kwenye boksi."

Evodia aliinamisha kichwa. "Nilidanganya. Hilo ni kosa langu, sitalikimbia. Niliogopa kelele kama za mwezi wa sita."

"Kwa nini hukuniambia kwamba alikutaka?"

"Ningekuambia ungefanya nini?"

"Ningeenda Muleba."

"Na umeenda."

Evodia alichukua boksi, akaliweka juu ya ukuta wa baraza, akatoa mfukoni lenzi yake ya kazini. Akalikagua Pijo upande kwa upande, boneti, milango, buti, bila haraka. Rweyemamu alisimama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Hukuligusa," alisema mwishowe.

"Sikuligusa."

"Kutoka Muleba mpaka hapa?"

"Saa tatu. Hata jasho sikufuta, nisije nikalitikisa."

Evodia alitaka kubaki na hasira, ilionekana, lakini mdomo ukamsaliti kidogo.

"Alitaka kuisugua hii alama," Rweyemamu alisema. "Ameniambia ulikataa. Evodia, ile alama mimi naionea aibu tangu mwezi wa tatu. Kwa nini uliiacha?"

"Kweli hukumbuki?"

"Nakumbuka niliuliza kama rangi imekauka."

"Hukuuliza rangi. Ulikuja umevaa shati la kuazima, ukasimama karibu na meza yangu, ukaniuliza kama nitakubali kuolewa na wewe. Hukujua mkono uuweke wapi. Ukauweka hapo." Aligusa hewa juu ya paa, bila kulifikia. "Nina magari kumi na tisa yasiyo na dosari. Siku ile ninayo kwenye hili tu."

Rweyemamu alilia, waziwazi, na shangazi aliyekuwa nyuma ya pazia akajifanya anakohoa.

"Kesho utakwenda kwa katekista ufute maneno yako," Evodia alisema, akimpa leso. "Kisha utakaa hapa umwambie shangazi yangu ulichofanya, kwa mdomo wako. Na kadi ya kumwalika Datius harusini utaipeleka wewe Muleba, kwa mkono."

"Kadi ya Datius?"

"Kwa mkono, Rweye."

"Nitapeleka."

Jumapili iliyofuata walikaa benchi la tatu. Katekista Rutaihwa alisoma tangazo la tatu pole pole, majina yote mawili, na majina ya wazazi. Alipofika kwenye "mwenye kujua kizuizi chochote" alinyamaza, akashusha miwani, akamtazama Rweyemamu kwa muda mrefu. Kanisa zima likageuka. Shangazi, ndani ya kitenge kile kile, akaanza kucheka chinichini.

Rweyemamu hakujua mikono aiweke wapi. Evodia akamshika kidole gumba, akakibana, na hakukiachia mpaka Misa ikaisha.