Chai ya Maombi ya Nzau

Rafiki yangu Kanini wa Kambu, huko bara mbali na bahari, si mtu wa kuzua mambo. Ndugu yake, Nzau, alikuwa akiwafundisha wageni kupiga kasia kisiwani, huko pwani. Bahari ikamchukua, na mwili haukuonekana.

Jioni ya maombi ya Nzau nyumbani Kambu, maji ya chai yaliisha. Kanini akashuka na mtungi kwenye mto uliokauka, akachimba mchanga pale wanapochota siku zote, kwenye maji matamu. Giza likaingia. Chini ya mchanga akasikia chubwi, kimya, chubwi, kama kasia. Alichota, akarudi mbio.

Mama yao alionja chai, akainua uso. "Kanini, umeweka chumvi?"

"Hapana, Mama. Ni sukari tu."

Mama akainywa yote, polepole, akaomba kikombe kingine.