Taa ya Tatu ya Modemu

Mvua ya mawe ya Kericho haibishi hodi. Siku ile ya maonyesho ya kilimo, mwaka wa tisini na nane, iliwashukia watu ghafla na kila mtu akakimbilia hema lililokuwa karibu. Janeffer Chepkosgei, mwalimu wa shule ya msingi huko Chepilat, alijikuta kwenye hema la vijana wa kompyuta, sketi yake ya maua imelowa chapachapa. Akaketi juu ya boksi la kwanza aliloliona.

"Madam, umekalia kompyuta yangu," sauti ikasema.

"Basi iambie ivumilie. Nje kunanyesha."

Aliyecheka alikuwa Steve Mwaniki wa Londiani, shati jeupe, tai ya kuazima, na tabasamu la kumsahaulisha mtu njia ya kwao. Mvua ilikatika, wao wakaendelea kupiga gumzo. Kufikia Krismasi walikuwa wanaitana mpenzi bila kuona haya.

Ulipofika wakati wa wazee kukutana, wakapatana hivi: Steve asikanyage Chepilat mpaka baba yake Janeffer atoe neno. Neno likitoka, Janeffer ampigie simu Jumamosi kutoka kibanda cha simu cha Sotik. Kwao hakukuwa na simu, na kutuma mtu hakutaka. Mambo ya posa yakipita midomoni mwa watu hufika yamevimba.

Mzee alikubali, tena upesi. "Waje Jumapili ya mwisho wa mwezi," alisema. "Nitachinja mbuzi. Lakini wakinikalisha bure na majirani wangu, wasirudi tena hapa."

Janeffer akapiga simu. Bize. Akanywa chai, akarudi, bize. Jumamosi iliyofuata, bize asubuhi, bize jioni, na watu nyuma yake kwenye foleni wanaguna. Nani huyo wa kuongea naye kutwa nzima? Moyo wake ulimjibu haraka: mwanamke. Nami simlaumu, laini ikiwa bize namna hiyo hata malaika angeshuku.

Siku moja kabla ya ugeni alivaa gauni lake la buluu na viatu vya kanisani, akaenda Londiani. Alitaka kumalizana naye uso kwa uso, kisha arudi kumwambia baba asichinje.

Alimkuta Steve sebuleni kwao, hajanyoa, ameketi mbele ya kompyuta.

"Jane," akasema polepole. "Umekuja kuniambia mzee alikataa."

"Alikataa nini? Nimekuja kumwona huyo unaongea naye kutwa."

"Mimi? Sijaongea na mtu. Kila Jumamosi niko hapa nangoja simu yako. Ona, hata taa nimewasha."

Alimwonyesha kijisanduku kando ya simu, kina taa ndogo nyekundu usoni. Kilikuwa modemu, cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu. Binamu yake Naftaly alikileta kutoka Nairobi bila kitabu cha maelezo.

"Hii ya kwanza ni stima," Steve akaeleza. "Ya pili sijui. Ya tatu ndiyo inaonyesha laini iko tayari. Naiwasha asubuhi kwa kompyuta, nakaa naitazama mpaka giza. Ikizima naiwasha tena, ndiyo simu yako isinipite."

"Nani alikuambia ndiyo maana yake?"

"Hakuna. Nilikisia."

Janeffer aliitazama taa, akamtazama mwenye taa. "Kaa hapo. Usiguse kitu."

Alivuka barabara hadi kibanda cha simu mbele ya posta, wakawa wanaonana dirishani. Akapiga. Bize. Akamwashiria: zima. Taa ya tatu ikazima. Akapiga tena, na simu ikalia, Steve karibu aangushe kiti.

"Halo?"

"Hiyo taa inasema modemu imeinua simu," Janeffer akamwambia. "Ikiwaka, hakuna mtu anaweza kuingia. Ulikuwa unanifungia mlango, na umekaa nyuma yake unaningoja."

Steve alimgeukia dirishani. "Nilidhani mzee amenikataa. Nilikuwa najaribu kuzoea kukukosa, mpenzi, na ilinishinda."

Machozi yalimtoka Janeffer palepale kibandani, wapita njia wakimwona. Alimpenda mjinga huyu kupita kiasi.

"Sasa niambie vile ulitaka kuniambia," Steve akasema.

"Baba amekubali. Anawangoja kesho."

"Kesho hii?"

"Kesho hii. Mwambie mzee wako atafute koti."

Steve aliweka mkono wa simu mezani bila kukata, akatoka mbio kuelekea ghala la viazi akimwita baba yake. Janeffer akabaki na simu sikioni, anasikiliza nyumba ya watu ikipinduka: milango inagongwa, mzee anauliza nani ameficha pasi, mama anaanza kuimba. Foleni ilikuwa imeshajaa nyuma yake. Hakukata.