Sanduku la Kura la Mzee Ke

Muziki wa gari la taka uliposikika jioni, Pei-rong alishuka na mifuko yake kama kila siku. Mtaani kwao, hapa mjini Tainan, taka haziachwi barabarani. Kila mtu hulisubiri gari na kutupa mwenyewe, na wakati wa kusubiri ndio wakati wa umbea.

"Kesho ndiyo kura ya uwanja wetu wa mazoezi," alisema Mama Hsieh, muuza maziwa ya soya. "Ubaki, au ugeuzwe maegesho ya magari."

Pei-rong alitaka ubaki. Tangu bibi yake apooze mkono, alikuwa akifanya mazoezi pale kila asubuhi pamoja na wazee wenzake, na sasa aliweza tena kushika vijiti vya kulia.

"Kura gani?" Pei-rong akabetua midomo. "Leo nimemwona mwenyekiti wa mtaa akienda na sanduku la kura nyumbani kwake. La nini huko?"

"Ee! Mtoto ana macho huyu!" Mama Hsieh alidakia. "Na mwanawe si ana magari mawili? Basi kura zimeshapikwa. Mimi siendi."

Gari lilipoondoka, nusu ya mtaa ilikuwa na habari.

Kesho yake mchana Pei-rong alipita karibu na ofisi ya mtaa. Waliopanga foleni ya kupiga kura walikuwa wenye magari tu. Wazee wa mazoezi hawakuonekana hata mmoja. Akakimbia kumweleza bibi yake.

"Ulimuuliza mwenyekiti kwa nini alilichukua?" Bibi aliuliza.

"Bibi, mwizi huulizwa?"

"Nani kakwambia ni mwizi? Vaa viatu twende."

Walimkuta Mzee Ke, mwenyekiti, mlangoni mwa ofisi. Bibi alimsukuma mjukuu wake mbele kwa mkono wake mzima.

"Samahani, Mwenyekiti," Pei-rong alianza. "Kwa nini jana ulikwenda na sanduku nyumbani?"

Watu kwenye foleni waligeuka. Mzee Ke alikuna kichwa. "Kufuli lilishika kutu, nikaenda kulitia mafuta. Asubuhi nimelipindua sanduku hapa, waliokuwepo wameona ni tupu. Lakini sikumwambia mtu kwamba nalichukua. Hapo nimekosea."

Pei-rong bado alimtazama kwa jicho la pembeni.

"Usiniamini mimi," alisema Mzee Ke. "Jioni tunahesabu hadharani. Njoo usimame mbele kabisa. Na wale uliowaambia, kawaite."

Kuwaita ndiko kulikomtoa jasho. Alibisha mlango baada ya mlango, akikiri kwamba alisema kabla ya kuuliza.

"Jana mwizi, leo malaika?" Mama Hsieh alisonya. Hata hivyo alivaa kofia akaenda kupiga kura, na wazee wakamfuata.

Jioni, karani aliinua kila kura juu na kuisoma kwa sauti, na mwenzake akachora mstari kwenye karatasi kubwa ukutani. Pei-rong hakupepesa macho. Pande mbili zilikwenda sako kwa bako. Karani akasoma, "Uwanja!" Mwenzake, ambaye sasa alikuwa amechoka, akachora upande wa maegesho.

"Siyo hapo!" Pei-rong alipiga kelele. "Amesema uwanja!"

Mzee Ke alisimamisha kazi. Kura iliinuliwa tena, wote wakaiona, na mstari ukasahihishwa. Kura ya mwisho iliposomwa, uwanja ulikuwa umeshinda kwa kura moja tu.

Wazee walishangilia. Pei-rong alimgeukia bibi yake. "Kumbe sikukosea kushuku!"

"Kushuku si kosa," Bibi alijibu. "Jana ulishuku ukatangazia watu, nao wakabaki majumbani. Ungetupotezea uwanja. Leo umeshuku ukaja kutazama kwa macho yako, ukauokoa. Kazi ya serikali ni yetu, mjukuu wangu. Ukiwa na wasiwasi nayo, isogelee."

"Nami nimepata somo langu," alisema Mzee Ke. "Aliyepewa dhamana na watu asingoje kuulizwa."